Copper ya BBC America: yanayosemwa na yaliyo kweli

Tarehe 19 Agosti 2012 chaneli ya BBC America ilianza kuonyesha Copper, tamthilia ya uhalifu inayotokea New York mwaka 1864. Mhusika mkuu ni Kevin Corcoran, mpelelezi wa polisi na mhamiaji kutoka Ireland, aliyerudi kutoka Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kaskazini dhidi ya kusini iliyotetea utumwa, na kukuta binti yake amekufa na mkewe hajulikani alipo. Mimi ni mpenzi wa tamthilia hii, na inanikera kusikia mambo yale yale yasiyo ya kweli yakirudiwa kila inapotajwa. Mengine yanahusu chaneli. Yaliyo mazito zaidi yanahusu historia.

"Ni kazi ya BBC ya London, na walioilipia ni Waingereza."

Ni rahisi kufikiri hivyo, hasa kwetu tuliozoea jina la BBC kupitia Idhaa ya Kiswahili ya London. Lakini fedha za BBC hazitoki mfuko mmoja. Ada ya leseni inayolipwa na kaya za Uingereza ni ya huduma za umma. BBC America, iliyoanza mwaka 1998, ilikuwa chini ya kampuni ya kibiashara ya shirika hilo na iliishi kwa matangazo ya biashara na fedha za kampuni za kebo za Marekani. Walioibuni Copper ni Wamarekani wawili, Tom Fontana na Will Rokos, na miongoni mwa watayarishaji wakuu alikuwamo mwongozaji wa filamu Barry Levinson. Baadaye hata umiliki wa chaneli ulihama: AMC Networks, kampuni ya televisheni ya Marekani, ilinunua asilimia 49.9 mwaka 2014 kwa dola milioni 200, na mwaka 2024 ikachukua sehemu iliyobaki.

"Chaneli hiyo ilikuwa na mazoea ya kutunga tamthilia zake."

Hapana. Kwa miaka 14 ilitegemea zaidi vipindi vya Uingereza. Copper ndiyo tamthilia yake ya kwanza kabisa ya kujitungia.

"Ile mitaa tunayoiona ni ya New York."

Ni ya Toronto, Kanada. Mitaa yote ya Five Points, eneo la maskini la New York inamotokea tamthilia, ilijengwa ndani ya kiwanda cha zamani cha vipuri vya magari.

"Ilikatizwa, kwa hiyo jaribio zima lilishindwa."

Ilisimamishwa Septemba 2013 baada ya misimu miwili, sehemu 23 kwa jumla, na ni kweli kwamba msimu wa pili ulipoteza watazamaji. Ila usiku wa kwanza ilitazamwa na watu wapatao milioni 1.1, jambo ambalo chaneli hiyo haikuwahi kuliona kwa tamthilia mpya. Kabla haijafungwa, njia ilikwisha kufunguka: Orphan Black, tamthilia nyingine ya chaneli hiyo, ilianza Machi 2013, na mwaka 2016 Tatiana Maslany akashinda tuzo ya Emmy kwa uigizaji wake humo.

"Daktari mweusi New York mwaka 1864? Huo ni ubunifu wa waandishi wa leo."

Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Katika tamthilia, Dk. Matthew Freeman, anayeigizwa na Ato Essandoh, humchunguzia Corcoran maiti kwa siri. Freeman ni wa kubuni, lakini James McCune Smith aliishi. Alizaliwa New York mwaka 1813, mtoto wa mama aliyekuwa mtumwa. Vyuo vya Marekani vilimkataa kwa rangi yake, akavuka bahari hadi Chuo Kikuu cha Glasgow, na mwaka 1837 akapata shahada ya udaktari. Alirudi mjini kwao, akatibu wagonjwa, akafungua duka la dawa, na kwa miaka mingi akawa daktari wa kituo cha watoto yatima weusi.

Kituo hicho kilichomwa moto tarehe 13 Julai 1863. Hapo ndipo dhana nyingine inapoanguka, ile ya kwamba watu wote wa kaskazini walikuwa upande wa watumwa. Serikali ilikuwa ikiwaandikisha wanaume jeshini kwa lazima, na mwenye dola 300 aliweza kujinunulia msamaha. Maskini, wengi wao Waayalandi, hawakuwa nazo. Hasira yao ilianzia kwenye ofisi za uandikishaji, kisha ikawageukia majirani zao weusi. Zaidi ya watu 100 waliuawa ndani ya siku nne, na baadhi ya weusi walinyongwa hadharani. Watoto 233 wa kituo walitolewa salama. Familia nyingi nyeusi zilihama Manhattan, na McCune Smith naye akahamia Brooklyn. Tamthilia inaanza mwaka mmoja tu baadaye, ndiyo maana urafiki wa Corcoran na Freeman una uzito ule.

"Five Points palikuwa pango la wezi na makahaba, basi."

Uhalifu ulikuwapo, na madanguro pia. Lakini mwaka 1991, kabla ya kujengwa mahakama mpya karibu na Foley Square, wanaakiolojia walichimba pale na kutoa vitu vipatavyo 850,000: vikombe vya chai vya kauri, midoli ya watoto, chupa za dawa, vifungo na sindano za mafundi cherehani. Hizo ni nyumba za watu waliofanya kazi, wakanunua vyombo vizuri kidogo kidogo na kuwakaribisha wageni. Karibu hazina yote hiyo iliteketea Septemba 11, 2001, kwa kuwa ilihifadhiwa katika jengo moja la World Trade Center. Vilisalimika vitu 18 vilivyokuwa vimeazimwa kwa maonyesho.

Hapa lawama yangu kwa Copper ni ya haki. Wachimbaji walikwisha kutoa matokeo yao miaka mingi kabla kamera hazijawashwa, lakini waandishi waliturudisha tena na tena kwenye danguro la Eva Heissen, na fundi cherehani na familia yake hawakupewa nafasi ya maana.