Je, wajua kwa nini Warumi walipamba dari kwa chokaa na si kwa marumaru?

Matajiri wa Roma ya kale waliitandaza marumaru sakafuni na kutani bila kubania, lakini darini mambo yalikuwa tofauti. Dari nyingi zilikuwa za tao, na bamba la jiwe lililoning'inizwa kwenye tao ni mzigo unaosubiri kumwangukia mtu. Kwa hiyo mafundi walitumia mchanganyiko wa chokaa na unga wa marumaru, ambao hushika hata ukiwa mwembamba na hukubali kufinyangwa ungali mbichi.

Vitruvius, msanifu majengo wa karne ya 1 KK, ameeleza kazi hiyo kwa kina. Kwa dari nyepesi, matete yaliyopondwa yalifungwa kwenye fito za mbao, yakakandikwa, ndipo lipu laini ikafuata. Jasi, unga wa madini unaoganda haraka ukichanganywa na maji, aliikataza kabisa katika kingo za dari, kwa kuwa huganda mapema na kuizuia kazi yote kukauka kwa pamoja. Chokaa huganda polepole, kwa kufyonza kaboni dioksaidi iliyomo hewani, na muda huo ndio uliomwezesha fundi kugandamiza mapambo ya kujirudia kwa kalibu, kisha kuumba watu, wanyama na miungu kwa vidole na vifaa vidogo. Michoro mingi iliachwa nyeupe, kivuli kikifanya kazi ya rangi, kama inavyoonekana katika ukumbi wa chini ya ardhi wa Porta Maggiore mjini Roma, uliogunduliwa mwaka 1917 baada ya ardhi kutitia chini ya njia ya reli.

Weupe huo ulikuwa na adui mmoja, nao ni masizi. Vitruvius, ambaye kwa hakika alijua kero za nyumbani, alishauri kwamba vyumba vya kuwashia moto au taa nyingi viwekewe kingo zisizo na nakshi ili zifutike kwa urahisi, na nakshi ziachiwe vyumba vya kiangazi.

Mapema katika karne ya 16, msanii Mwitalia Giovanni da Udine alizishuka kumbi zilizokuwa zimefukiwa za kasri la Nero, kaisari wa Roma ya kale, akavutiwa na kazi hiyo, akajaribu michanganyiko mbalimbali hadi chokaa na unga wa marumaru nyeupe vilipompa lipu aliyoitafuta. Aliitumia Vatikani, katika baraza zilizopambwa chini ya usimamizi wa mwalimu wake, mchoraji Raffaello.