Je, konokono mzito humnasaje samaki mwepesi?

Kwenye matumbawe ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, pwani ya Tanzania ikiwemo, yupo konokono anayeishi kwa kula samaki. Wataalamu humwita Conus geographus. Hutambaa polepole, na samaki akishtuka kidogo tu huwa keshatoweka. Sasa huyu hushibaje?

Huwinda usiku. Akishanusa samaki waliojificha kwenye mapango ya mwamba, huutanua mdomo wake kama kimia na kuwaendea taratibu. Cha ajabu, samaki wenyewe hawakimbii. Hulegea, huduwaa, na wakati mwingine humezwa wawili watatu kwa mkupuo.

Kinachowalegeza kiligunduliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, waliotangaza matokeo yao mwaka 2015: ndani ya sumu ya konokono huyu mna insulini. Ndiyo, kemikali ileile inayoshusha sukari mwilini, ile ambayo wagonjwa wengi wa kisukari hujidunga kila siku. Ila hii si ya kumhudumia konokono mwenyewe. Imeundwa kufanana na insulini ya samaki. Inaelekea huimwaga majini, nayo hupenya kwenye matamvua ya samaki. Sukari ya damu inaporomoka ghafla, na samaki anakosa nguvu ya kuogelea.

Tena inafanya kazi upesi mno. Insulini ya binadamu huhifadhiwa kongoshoni ikiwa imeshikamana sitasita, na lazima iachane kwanza ndipo ifanye kazi. Ya konokono haina kile kipande kinachoishikamanisha. Hilo limewavutia sana watafiti wanaotafuta insulini ya haraka zaidi kwa wagonjwa, na kwa maoni yangu hapa ndipo kiumbe huyu anapostahili heshima kuliko woga.

Samaki wakishaingia mdomoni, huja silaha ya pili. Jino moja lenye uwazi ndani na miiba ubavuni, chusa hasa, hufyatuliwa kutoka kwenye mkonga na kuingiza sumu inayopooza misuli. Jino likishatumika halirudiwi. Mengine yapo akibani.

Sumu hiyo imeshaua watu. Wengi wa wanaochomwa ni wale waliomwokota kwa uzuri wa gamba lake, na kumshika upande wa nyuma si kinga, maana mkonga wake hurefuka na kujipinda. Mwanzoni huenda mtu asisikie maumivu makali, ndiyo maana wengine hupuuza. Baadaye midomo hufa ganzi, macho huona mawili, kisha misuli ya kupumua hulegea.

Dawa mahususi ya kuikata sumu hii haipo. Aliyechomwa atulizwe, asitembezwe, na akimbizwe hospitali yenye mashine ya kupumulia bila kungoja dalili. Akisaidiwa kupumua hadi sumu iishe nguvu mwilini, anaweza kupona.