Mwili wako hauna kuta za seli

Treni ilikuwa imeshaiacha Kaliua kuelekea Kigoma. Kijana akasimama katikati ya behewa na kopo la vidonge: "Ndugu abiria, hii inajenga kuta za seli zako." Ningenyamaza kama si mpwa wangu wa kidato cha pili, pale Tabora, kuandika hivyohivyo daftarini wiki hiyo na kuwekewa vema.

Seli, au chembe hai, ni kipande kidogo kabisa cha kiumbe ambacho chenyewe kinaishi. Ya mchicha na ya mbuzi zote zina kiini kinachotunza DNA (maelekezo ya urithi), saitoplazimu, yaani ule ute wa ndani, mitokondria za kutoa nishati, na utando unaozifunika. Ya mchicha inaongeza kloroplasti za kutengenezea chakula kwa mwanga, vakuoli kubwa ya maji, na ukuta. Basi.

Balaa limeanzia kwenye jina. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha alichokiona kwa hadubini katika gome lile la kutengenezea vizibo vya chupa: vijumba vitupu vimepangana. Mwenyewe alivifananisha na sega la asali, na mrina asali wa Sikonge angemwelewa mara moja. Akaviita kwa neno lenye asili ya Kilatini, cella, yaani chumba kidogo. Neno hilohilo, kwa kupitia Kiingereza, ndilo lililotupa selo ya polisi. Sasa, gome lile limekufa. Hooke aliona kuta zilizobaki baada ya wenye nyumba kwisha. Jina la kitu kizima tumeliokota kwenye magofu ya mmea, ndiyo maana mtu akisikia "seli" anawaza chumba, na chumba lazima kiwe na ukuta! Neno letu "chembe" halina mtego huo. Nani amewahi kuwaza ukuta wa chembe ya mchele?

Utando ni kitu kingine. Umetokana na kutanda, kama wingu, au kama kile chembamba kinachotanda juu ya maziwa yakipoa. Ni mafuta na protini, unene wa nanomita 7 hadi 10 hivi (nanomita ni mita moja kugawa kwa bilioni), na ndio unaochagua kipi kiingie na kipi kitoke. Ukuta wa mmea uko nje yake, ni wa selulosi, yaani nyuzi ngumu za mmea, na maji yanaupenya bila kuulizwa. Kazi yake ni kuhimili. Mchicha wa asubuhi umesimama kwa sababu vakuoli zimejaa maji na kuusukuma ukuta. Jua la saa nane likishaupiga, umelala. Chembe nyekundu ya damu yako ukiitia kwenye maji matupu inavimba hadi inapasuka, maana haina cha kuizuia. Na kabati la mninga sebuleni kwako? Karibu lote ni kuta, wenyewe walishakufa.

Penisilini, dawa ya kuua bakteria, nayo inaishi kwa tofauti hii. Inavuruga ujenzi wa ukuta wa bakteria (nao wanao, ingawa si wa selulosi), na kwa kuwa seli zetu hazina ukuta, inazipita.

Kwa hiyo, kaka wa behewani, ukirudi na kopo lako sema "utando". Mpwa wangu ameshafuta, ameandika upya kwa penseli, anamsubiri mwalimu wake.