Vita vya Moyale, 1940: yasemwayo na yaliyokuwa

Kila jioni barazani kwetu Malindi, muuza kahawa akipita na dele lake huku akigonganisha vikombe, hakosi mtu wa kuchomeka neno la Kitaliano. Hapo ndipo huja ile kauli: "Hawa Wataliano walibaki tu baada ya vita." Si kweli. Miaka ya 1960 walikuja na kituo chao cha kurushia roketi, San Marco, pale Ngomeni, na umati wa watalii ukaja baada ya hapo. Wakati wa vita walitujia kwa njia nyingine: Oktoba 1940 ndege zao ziliudondoshea mji huu mabomu.

Wengine husema aliyetudondoshea mabomu alikuwa Mjerumani. Hapo vita viwili vinachanganywa. Mjerumani alikuwa jirani yetu wa kusini katika vita vya kwanza vya dunia. Katika vya pili, aliyekuwa mpakani ni Mtaliano, mwenye Somalia na Uhabeshi mkononi. Aliingia vitani tarehe 10 Juni 1940, na mwezi uliofuata mizinga yake ikanguruma Moyale.

Moyale umekatwa na mpaka, nusu Kenya, nusu Uhabeshi, na upande wa Kenya palikuwa na ngome ndogo. Tumezoea kudhani Mwingereza, kwa ukubwa wa dola yake, alimtimua adui papo hapo. Wapi! Ngome ilizingirwa, waliotumwa kuiokoa wakashindwa kupenya, na katikati ya Julai waliokuwa ndani wakatoka usiku kwa miguu. Mtaliano akasonga hadi Buna na Dobel, kama kilomita 100 ndani ya Kenya. Moyale ilirudi mikononi mwa Mwingereza Februari 1941, mwezi uleule Kismayu, kwa ndugu zetu Wabajuni, ilipotekwa.

Lakini linaloniudhi hasa ni kusikia kwamba vile vilikuwa vita vya Wazungu. Walioshika ile ngome walikuwa askari wa KAR (King's African Rifles), jeshi la Mwingereza Afrika Mashariki, keya kama wazee walivyowaita, Waafrika chini ya maofisa Wazungu, wengi wao wametoka Nyasaland, Malawi ya leo. Na Mtaliano naye alitanguliza Waafrika wa makoloni yake, akawaita kwa neno lilelile, ila kwa hati zake: ascari. Usiku ule wa Julai, askari walinyata gizani wakiwakwepa askari.