Kabla hoteli haijanunua boila la kuni, ipime kwanza ukavu wa kuni zenyewe

Wenye hoteli za vijijini wanaotaka kuachana na mafuta ya dizeli na kupasha maji na vyumba kwa tungamotaka, yaani kuni, vibanzi vya mbao, peleti au mabaki ya mazao, karibu wote huanza kwa kuulizia bei ya boila. Ushauri wetu ni kwamba boila lije mwisho. Jambo la kwanza ni kujua utachoma nini, kitatoka wapi na kitakuwa kikavu kiasi gani.

Mti uliokatwa leo, takriban nusu ya uzito wake ni maji. Kilo moja ya kuni mbichi hivyo hutoa kama uniti 2.2 za joto (uniti moja ni kilowati-saa moja), kwa sababu sehemu ya moto huishia kukausha kuni badala ya kupasha maji ya wageni. Kuni zilizoanikwa hadi maji yakabaki asilimia 20 hutoa takriban uniti 4 kwa kilo. Peleti, ambazo ni vumbi la mbao lililokaushwa na kushindiliwa, hutoa karibu 4.8. Lita moja ya dizeli ina takriban uniti 10.

Tuchukue hoteli yenye wageni 40, kila mmoja akitumia lita 50 za maji ya moto kwa siku. Hizo ni lita 2,000. Kuzitoa nyuzi 20 hadi nyuzi 60 kunahitaji uniti 93, na boila lenye ufanisi wa asilimia 85 litachoma takriban uniti 110. Kwa dizeli ni lita 11, kwa peleti kilo 23, kwa kuni kavu kilo 27 au 28. Kwa kuni mbichi ni kilo 50, tena hapo tumezipendelea, kwani kuni mbichi hushusha ufanisi wa boila lenyewe. Moshi wake mzito hugandisha lami nyeusi ndani ya bomba la moshi, na lami hiyo ikishika moto inaweza kuunguza paa.

Kupima si kazi ngumu. Pasua kuni, chukua vipande vya katikati vyenye uzito wa gramu 1,000, vikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 105 na uvipime tena na tena mpaka uzito ukome kushuka. Vikibaki gramu 650, basi asilimia 35 ilikuwa maji na kuni hizo hazijafaa. Ukiwa shambani bila mizani, tazama ncha: kuni kavu zina nyufa, na ukizigonganisha hutoa mlio mkali. Mbichi hutoa mlio mzito. Kwa hiyo mkataba na msambazaji utaje kiwango cha juu cha unyevu, na malipo yafuate uzito pamoja na ukavu. Anayelipa kwa lori analipia maji.

Kosa jingine ni boila kubwa kupita kiasi. Hoteli huhitaji maji mengi alfajiri na jioni, halafu mchana kimya. Kupasha lita zile 2,000 kwa nusu saa kunadai boila la karibu kilowati 190. Ukizipasha taratibu kwa saa nne na kuhifadhi joto kwenye tanki lililofunikwa vizuri, zinatosha kilowati 25 hivi, ukiacha joto la vyumba na dobi. Boila kubwa linalowaka nusunusu hutoa moshi mwingi na huchakaa upesi. Fedha ziwekeni kwenye tanki. Maji ya kuogea yahifadhiwe kwa nyuzi 60, maana bakteria wa Legionella, wanaoleta homa kali ya mapafu, hustawi kati ya nyuzi 20 na 45.

Je, nishati hii ni jadidifu kweli? Ni jadidifu pale tu msitu unapovunwa kwa kasi isiyozidi ukuaji wake. Maranda na vumbi la kiwanda cha mbao ni chaguo zuri kuliko kukata miti mizima, kwa kuwa mti ule umeshakatwa kwa kazi nyingine. Pumba za mpunga nazo zinafaa, ila majivu yake ni mengi mno, mara nyingi asilimia 15 na zaidi ya uzito wake, na si kila boila linaweza kuyatoa. Muulizeni muuzaji wa boila swali hilo kabla ya kulipa.

Mwisho ni usalama, na hapa sina lugha ya kupunguza ukali. Peleti zilizorundikwa kwenye stoo hutoa gesi ya kaboni monoksaidi hata kama hakuna moto. Haina rangi wala harufu, nayo imeshaua watu walioingia stoo kukagua tu. Stoo iwe na matundu ya kupitisha hewa kwenda nje, pawe na kifaa cha kuitambua gesi hiyo, na mlango ufunguliwe hewa ibadilike kabla ya mtu yeyote kuingia. Asiingie peke yake. Akianguka, aliye nje asimkimbilie ndani: aite msaada wenye vifaa vya kupumulia.