Uhakiki wa fasihi ni nini, na utamu wake uko wapi?

Uhakiki ni kuichambua kazi ya fasihi ukaonyesha inasema nini, inasemaje, na kwa nini imesema hivyo na si vingine, huku kila unachodai ukikithibitisha kwa maneno ya kazi yenyewe. Kusimulia kisa upya ni muhtasari tu. Wala si lazima umtafutie mtunzi makosa.

Wanafunzi wengi wa Kenya hukutana nao katika karatasi ya tatu ya Kiswahili ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na wengi huuchukia papo hapo, kwa kuwa wamepewa orodha ya mbinu za lugha ya kukariri: tashbihi (kufananisha vitu), tashihisi (kukipa kisicho mtu sifa za mtu), takriri (kurudiarudia neno). Kuitaja takriri bila kusema inafanya kazi gani pale ilipo ni kutaja viungo vya biriani bila kuonja.

Ajabu ni kwamba mtoto wa Lamu huusikia uhakiki kabla hajajua kusoma. Kwenye harusi ukiimbwa ubeti wa fumbo, kina mama huanza kunong'onezana: hapa anapigwa kijembe nani? Mmoja akisema ni mawifi, mwenziwe humuuliza, "Umelipata wapi hilo?" Ndilo swali lenyewe la uhakiki, na huulizwa kwa ukali kuliko darasani.

Tuchukue mfano wa jirani. Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, unazungumza na moyo wa mtunzi juu ya dunia inayohadaa, na ushahidi wake ni majumba ya Pate, mji wa kale karibu na Lamu, yaliyokufa. Panapo mistari hii:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni

Yaani ndani ya vile vidaka vya ukutani vilivyokuwa na visahani sasa wamelala makinda ya ndege. Mwanafunzi wa Lamu ana bahati, maana anaweza kwenda kwenye nyumba ya kale ya mawe akaviona vidaka hivyo vilivyochongwa kwenye chokaa, safu juu ya safu. Akiviona atagundua kwamba mtunzi hakuubomoa ukuta. Kidaka kiko palepale. Kilichobadilika ni kilichomo. Tena si ndege aliyepita akatua, ni makinda. Ili makinda yawepo, kiota kimejengwa, mayai yametagwa na kuatamiwa, na hakuna mtu aliyekuja kuwafukuza. Mistari miwili imebeba muda wote huo bila kutaja mwaka hata mmoja. Mimi kwa upande wangu sijaona njia fupi zaidi ya kusema kwamba nyumba imehamwa.

Hapo ndipo penye utamu wa kusoma fasihi: ubeti uliousikia ukighaniwa tangu utotoni unakufungukia, na unaweza kumweleza mwenzako umefunguka kwa ufunguo gani.

Watu husema fasihi haina jibu moja. Ni kweli, lakini majibu mengine hayasimami. Ukisema mtunzi alipenda ndege, utungo mzima utakukatalia. Ila bishano la haki lipo, na linaweza kumaliza jioni nzima barazani: je, mistari hii ni ya kilio tu, au ina utulivu ndani yake? Wa utulivu atashika neno "walaliye". Makinda hayana hofu, wamelala, na nyumba bado inampa kiumbe hifadhi. Wa kilio atamwambia asome mstari unaofuata, "bumu hukoroma kati nyumbani". Bumu ni bundi, na bundi hakuna mtu wa pwani anayemtaka nyumbani kwake. Hoja nzito hiyo; mimi ningempa alama zaidi huyu wa kilio. Lakini mwenzake hajashindwa bado, kwani anaweza kujibu kwamba anayekoroma naye amelala.