Je, kukodisha safari za ndege ndogo kungeshusha nauli ya Kigoma?

Katika mkutano wa elimu kwa umma hapa Kigoma, mama mmoja anayefanya biashara ya dagaa na migebuka pale Kibirizi aliniuliza swali zuri. Amesikia kwamba Marekani mashirika makubwa ya ndege huwaachia wengine kazi ya kurusha ndege ndogo. Kwa nini na sisi tusifanye hivyo, nauli ishuke?

Alichosikia ni kweli. Abiria wa Delta, United au American anayekwenda mji mdogo mara nyingi hupanda ndege yenye rangi za shirika hilo, ilhali marubani na wahudumu ni waajiriwa wa kampuni nyingine, kwa mfano SkyWest au Republic. Mkataba wao ni kinyume cha hesabu ya bajaji. Dereva wa bajaji humpelekea tajiri hesabu yake kila jioni, abiria wawepo wasiwepo, na siku ikiwa mbaya anaumia yeye. Kwenye ndege hizo, kwa kawaida shirika kubwa ndilo huchukua nauli na kubeba gharama ya mafuta, kisha huilipa kampuni ndogo kwa safari zilizorushwa. Viti vikibaki wazi, hasara ni ya shirika kubwa.

Nafuu inatoka wapi, basi? Haitoki kwenye mafuta, maana injini hainywi kidogo eti kwa sababu rubani kaajiriwa kwingine. Ada ya kutua nayo haibadiliki. Tena kampuni ndogo ina menejimenti yake, mafunzo yake, cheti chake cha uendeshaji, na inataka faida. Nafuu kubwa iko kwenye mishahara. Shirika kubwa lina marubani wenye miaka mingi kazini na viwango vya juu, wakati kampuni ndogo huajiri vijana wanaoanza, wengi wao wakihamia shirika kubwa kabla hawajapanda madaraja.

Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Tuseme tofauti hiyo ya mishahara ni shilingi 900,000 kwa kila saa ya kuruka. Ndege yenye abiria 180, kila mmoja anabeba 5,000. Ikiwa na abiria 60, kila mmoja anabeba 15,000. Ndiyo maana mjadala huu huwaka kwenye ndege ndogo.

Vyama vya marubani wa mashirika hayo matatu vililiona hilo mapema, vikaweka mpaka kwenye mikataba: ndege inayorushwa na kampuni ya nje isizidi viti 76, na uzito wake wa kuruka usizidi takribani tani 39. Ikizidi hapo, shirika linairusha lenyewe. Airbus A220-100 za Delta, zilizoanza kazi mwaka 2019 zikiwa na viti 109, zinarushwa na marubani wa Delta.

Dash 8-400 za Air Tanzania nazo zina viti 76, ingawa ni za pangaboi, na marubani wake ni wa shirika lenyewe. Naona ni sahihi. Shirika lenye ndege chache likigawa kazi, linaongeza ofisi ya pili ya kulisha.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Tarehe 12 Februari 2009, ndege ya kampuni ndogo ya Colgan Air, iliyokuwa ikiruka kwa jina la shirika kubwa la Continental, ilianguka karibu na mji wa Buffalo, Marekani, wakafa watu 50. Wachunguzi walisema rubani alikosea namna ya kulijibu onyo kwamba ndege inapoteza mnyanyuko. Walieleza pia kwamba msaidizi wake alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Seattle kwenda kazini Newark. Sheria ya mwaka 2010 iliyofuata ilisababisha kiwango cha saa za kuruka kwa rubani msaidizi kupandishwa hadi 1,500, na vijana wa kuajiri kwa bei rahisi wakapungua.

Mama yule akauliza tena: mishahara ya vijana hao ikipanda je? Ilipanda. Mwaka 2022 kampuni tanzu za American ziliongeza malipo ya marubani kwa kiasi kikubwa, na bado hawakutosha. Mwaka huohuo American ikaacha kwenda miji ya Toledo na Ithaca, ikisema sababu ni uhaba wa marubani wa ndege ndogo.